Utulivu wa Vidonge

Nyanungu, Tarime
9 Februari 2025

Shangazi Robi,

Ninameza vidonge vya woga, na hapa nyumbani hakuna anayejua. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Unanijua.

Haya sasa, shikamoo. Huku hatujambo. Baba anakusalimu na anauliza kama tembo wa huko Issenye wamewaachia hata hindi moja. Mama yuko kwenye kwaya. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, na ndama ana akili kuliko kaka yangu Steven, maana ndama akiitwa anakuja. Matokeo yangu ya kidato cha nne ni daraja la tatu. Baba amewatangazia watu kuwa ni la pili, kwa hiyo ukiulizwa, ni la pili.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni moja, na Baba husoma ujumbe kwa sauti kama yuko mnadani. Barua anakuletea Anold, dereva wa gari la vitunguu. Huyo hasomi barua za watu. Hata vibao vya barabarani hasomi.

Mwaka juzi ulikuja ukanikuta nimejificha jikoni wageni walipofika, ukanisifu kwamba nina adabu. Haikuwa adabu, shangazi. Moyo ulikuwa unakimbia kama umeiba ng'ombe. Tangu nimalize shule umezidi. Desemba, kwenye mashine ya kusaga, mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu nategemea kupata ngapi. Mikono ikatetemeka, pumzi ikakata, nikaangukia unga wa watu. Niliinuka mweupe kama mzungu, na mzee bado anasubiri jibu.

Baba alisema ni njaa, akachinja kuku, mapaja akala yeye. Mama alisema ni pepo, nikaombewa mpaka mwombaji akakauka sauti. Babu mdogo Nchagwa alisema bibi yake aliyekufa anataka nimrithi jina. Mwisho Mama akanipeleka hospitali Tarime nikapimwe malaria. Haikuonekana. Mama alipotoka kwenda kununua sukari, daktari, dada mmoja mpole, akaniuliza kama kuna jambo sijalisema, nami nikamwambia. Alisema huo ni ugonjwa wa wasiwasi, unatibika kama mengine. Akaniandikia vidonge vidogo vinaitwa diazepam, akasema: "Hivi ni vya wiki mbili tu vikupe nafuu. Ukivizoea vinakuganda. Tiba yenyewe ni maongezi. Uje kila wiki tuongee, na ikibidi nitakupa dawa nyingine."

Maongezi! Mtu anaugua kwa sababu ya kuongea, anaandikiwa kuongea. Sikurudi. Vidonge vilipoisha nikamsindikiza Mama gulioni Sirari, nikavuka mpaka kuingia Kenya, nikapata duka ambalo muuzaji haulizi cheti, anauliza tu, "Ngapi, sister?"

Lakini shangazi, vinafanya kazi! Ninalala. Ninaenda mashineni peke yangu. Juzi nimemwamkia mchungaji bila kujificha nyuma ya Mama. Watu wanasema Skola amekua. Mama anasema ni maombi. Baba anasema ni kuku. Babu mdogo ananiita jina la bibi yake. Mimi nawashukuru wote watatu.

Je, ni vibaya? Nijibu kabla sijaogopa kwamba nimekuuliza.

Mtoto wako,
Scholastica


Issenye, Serengeti
2 Machi 2025

Skola mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mume wangu Deus ameuza baiskeli, akanunua pikipiki, sasa anaogopa kuipanda, anaisukuma mpaka sokoni kwa miguu. Kwa hiyo usidhani woga ni wa kwenu tu. Mimi niko na cherehani yangu na sare za shule mpaka shingoni. Mwambie Baba yako tembo wamemwachia mabua, aje achukue.

Nimecheka habari ya mapaja ya kuku mpaka nikajichoma sindano. Halafu nikasoma habari ya Sirari, nikaacha kucheka.

Sikiliza. Kidonge si shetani. Kama kimekupa usingizi na kukufikisha mashineni, nakishukuru, na atakayekwambia ungekaza moyo tu, mwambie akaze yeye meno yake yakimuuma. Lakini nikueleze kwa ufundi wangu. Nikitaka kushona sketi, kwanza nabana kitambaa kwa pini. Bila pini kitambaa kinanikimbia. Pini zikishashika, nashona, halafu nazitoa. Wewe daktari alikupa pini, akakwambia urudi mshone. Umebana gauni zima kwa pini, hukushona hata mkono mmoja, ukalivaa ukaenda nalo kanisani. Linapendeza, sawa. Utakapoinama utaniambia.

Rudi kwa yule dada. Usiongeze kidonge hata kama kile cha kwanza kinakudanganya kwamba kimechoka. Na usije ukakasirika ukavitupa vyote chooni siku moja. Haviachwi hivyo. Vinapunguzwa kidogo kidogo, tena kwa kauli ya daktari.

Halafu muuzaji asiyeuliza cheti, siku ukianguka hatauliza hata jina.

Shangazi yako,
Robi


Nyanungu
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mvua imetubana, barabara ni uji. Mama hajambo. Ndama mwenye akili amekula mahindi ya jirani, na kosa ni langu. Nilikuwa nachunga nikasinzia mchana kweupe. Baba alilipa kwa maneno mengi, maana hana kitu kingine.

Nimesoma habari ya pini mara nyingi. Sijarudi kwa daktari. Kila asubuhi najiambia leo, halafu nameza kidonge, na nikishameza sioni haraka ya kitu chochote. Hiyo ndiyo hila yake. Zamani kimoja cha jioni kilitosha. Sasa kuna cha asubuhi pia. Juzi nilichelewa kumeza, jasho likanitoka, na nikaogopa kuliko nilivyokuwa naogopa kabla sijawahi kuviona. Nimekopa utulivu, shangazi, na mwenye mali amekuja na fimbo.

Nina swali. Umejuaje kwamba haviachwi siku moja? Na umejuaje kwamba cha kwanza hudanganya kimechoka? Sikukuandikia hayo.

Sasa jambo lenyewe. Kuna watu wa Gorong'a wanakuja kuniposa. Mwanamume anaitwa Simon. Ana ng'ombe wengi, pikipiki mbili, na umri wa mtu anayepaswa kumposa Mama. Baba anatembea kama amemeza bendera. Mimi nimeshajaza maombi ya chuo cha mifugo, na nimetimiza miaka kumi na minane, lakini hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Wataniuliza siku hiyo mbele ya wazee wote, na hapo ndipo nitakapokataa. Nimepanga kumeza viwili ili mdomo usiniangushe.

Ungekuja, shangazi. Baba anakuogopa.

Scholastica


Issenye
19 Aprili 2025

Skola,

Usimeze viwili. Siulizi hali ya mtu, sikuletei salamu za mtu. Usimeze viwili, tena usimeze hata kimoja zaidi ya unavyomeza sasa. Nenda hospitali kabla ya hao watu kufika. Anold anaondoka sasa hivi nimemshika dirisha la gari.

Robi


Nyanungu
29 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Gari la Anold lilizama kwenye tope, vitunguu vikaota ndani, na barua yako imefika jana. Watu wa Gorong'a walikuja Jumamosi.

Nilimeza viwili. Ngoja nikueleze jinsi vilivyonisaidia.

Waliketi uani, wao upande mmoja, sisi upande mwingine. Msemaji wao ni Mzee Kisyeri, mwenye kofia ya manyoya jua likiwaka. Walibishana ng'ombe mpaka uji ukapoa. Mimi nilikuwa jikoni na maneno yangu nimeyapanga: "Wazee wangu, nawaheshimu, lakini mimi naenda chuo." Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwa ndama.

Nikaitwa. Shangazi, sikuwa na woga hata wa kuwekea chumvi. Nilitembea kama maji. Nikapiga magoti vizuri, nikaamkia kila mtu, na Mzee Kisyeri akasema, "Werema, mtoto huyu umemlea. Mtulivu kama mtungi." Halafu Baba akauliza, kama inavyoulizwa kwetu, "Binti yangu, ng'ombe hawa niwapokee, au wabaki kwao?"

Nikamtazama Simon, alikuwa anachezea simu. Nikafikiri kuhusu chuo, kikawa mbali, kitu kizuri cha mtu mwingine. Nikaufikiria uzee wa Simon, nikaona kila mtu atazeeka. Nilijua kabisa kwamba sitaki. Ila kutotaka kwenyewe hakukuniuma mahali popote. Nikasema, "Sawa tu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikapiga.

Nilimeza ili niondoe woga unaonifunga mdomo, kumbe woga wenyewe ndio uliokuwa na akili kuliko sisi wote pale. Uliondoka na maneno yangu mkononi. Niliamka Jumapili nikakumbuka nilichosema, nikalia mpaka Mama akanijia. Anasema ni machozi ya furaha. Jirani zetu wote wanasema hivyo.

Ng'ombe wataletwa Juni. Hukujibu swali langu la umejuaje.

Scholastica


Issenye
18 Mei 2025

Skola mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Cherehani iliharibika. Halafu ilipona, nikachelewa tena.

Swali lako la umejuaje nimeliona. Karatasi ilikuwa imechanika mahali hapo, kwa hiyo sikulisoma.

Ila nitakusimulia habari ya kazi. Kuna mwaka hapa Issenye shule ilinipa oda ya sare, na nikashona mashati yote yenye mikono ya kushoto miwili. Mashati yote, mwanangu. Nikayakunja vizuri nikayapeleka, nikarudi nikitabasamu. Deus aliwaambia watu nina malaria, nikalala ndani mpaka msimu wa mvua ukapita. Kwa hiyo na wewe ukiulizwa, shangazi yako aliumwa malaria. Aliyenitibu malaria hiyo alinipunguzia dozi taratibu sana, na kila wiki nilikuwa naye kwenye benchi tunaongea, mimi mwenye mdomo huu, nikikosa la kusema. Sasa ninashona mikono ya pande zote. Mambo mengine ya habari hiyo ni ya Mungu na Deus.

Turudi kwako. Kuna mambo mawili, usiyachanganye.

La vidonge: nimeongea na Anold, Alhamisi atakubeba mpaka Tarime, na Mama yako nimemwambia kwa simu kwamba unanichukulia vifungo. Mwambie yule dada kila kitu, cha asubuhi, cha jioni, vile viwili, na Sirari. Hatakupiga. Ukificha kimoja atakosea hesabu, na mwili ndio utakaoadhibiwa.

La Simon: "sawa tu" ni neno, na neno linarudishwa. Ng'ombe harudishwi. Akishapita mlango wa zizi, hakuna atakayekusikiliza tena, watakuwa wanamsikiliza yeye. Kwa hiyo kataa mlangoni, kabla hajaingia wa kwanza. Mimi siji. Nikija watasema nimekufundisha mimi, na hasira ya kaka yangu itapata mahali pazuri pa kukaa. Kataa mwenyewe, hata kwa sauti ya panya.

Robi


Nyanungu
22 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na malaria ya zamani. Baba hajambo, ila haongei na mtu. Mama hajambo, ila anaongea na kila mtu. Ndama ameachishwa kunyonya, na analalamika kuliko mimi.

Nilikwenda kwa daktari Alhamisi ile, na nimerudi mara tatu. Hakunipiga. Alisema vidonge havikuwa na kosa, vilitumwa kazi ya muda mfupi mimi nikavipa ajira ya kudumu. Amenipangia kupunguza taratibu, robo kwa robo, na amenianzishia dawa nyingine inayochukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kazi. Anasema hiyo haina kamba kama hii, ingawa nayo haiachwi kiholela. Na tunaongea. Wiki ya kwanza nilitazama viatu vyake muda wote, sasa navijua vizuri. Ananipa kazi ya nyumbani: kumwamkia mtu mmoja ninayemwogopa kila siku, na kukaa na ule moyo unaokimbia mpaka uchoke wenyewe. Unachoka kweli. Ila hauna haraka.

Kupunguza si mchezo. Usingizi unakuja kama mgeni asiyekupenda, na mikono imerudi kutetemeka. Daktari anasema itapungua. Alinionya kwamba siku ngumu nitatamani kumeza cha ziada.

Siku ngumu ilikuwa jana. Ng'ombe waliletwa.

Asubuhi Mama aliniletea chai. Kwenye kisosi, pembeni ya mkate, kulikuwa na vidonge viwili.

Nikasema, "Mama, hivi umevitoa wapi?"

"Palepale unapovificha. Unadhani nafua nguo zako nimefumba macho? Meza, mwanangu, usituaibishe. Siku ile ulipendeza sana."

"Si ulisema ni maombi?"

"Na Mungu hawezi kutumia duka la Sirari?"

Akasimama kusubiri nimeze, kama anavyosubiri mtoto amalize uji. Hapo ndipo nilipoelewa, shangazi. Si mimi tu niliyevizoea. Nyumba nzima imezoea vidonge vyangu, ila anayemeza ni mmoja.

Sikujifanya shujaa. Nilivitazama mpaka chai ikaota ngozi. Kila kitu mwilini mwangu kilikuwa kinavitaka. Kisha nikameza kile kipande changu cha siku hiyo, kama nilivyopangiwa, nikamrudishia kisosi.

Walifika na vumbi lao. Mzee Kisyeri mbele na kofia yake, Simon na shati jipya lenye alama za mikunjo ya dukani. Ng'ombe wa kwanza alikuwa dume jeusi. Nikatoka jikoni bila kuitwa, nikasimama katikati ya mlango wa zizi.

Baba akasema, "Skola, pisha ng'ombe."

Nikashika nguzo ya mlango nisianguke, na nguzo ikaanza kutetemeka pamoja nami. Nikasema, "Baba, wasiingie. Nilisema sawa. Sasa nasema sikubali. Naenda chuo." Nakuapia nilisema yote, na sauti ilikuwa ya panya kama ulivyoagiza, lakini ilitoka.

Wote walikuwa wanaitazama nguzo. Dume jeusi likarudi nyuma.

Mzee Kisyeri akasema, "Mura, kijana wangu Werema. Mtoto huyu anaumwa nini?"

"Haumwi kitu!" Baba akasema. "Ni woga tu! Tangu utoto ana woga!" Miaka yote nimemwambia hivyo, akaniita mwenye njaa. Jana ndiyo mara ya kwanza amekubali, tena kwa kelele.

"Woga hautikisi mti," akasema Mzee Kisyeri. "Hiki ni kifafa."

Nikasema tena, "Sikubali," safari hii kwa nguvu. Wakaniambia ninyamaze, watu wanajadili ugonjwa wangu. Wakajitenga pembeni, wakashauriana, Simon akaniangalia mara moja, akafuta mikono kwenye suruali ingawa hakunigusa. Kisha wakageuza ng'ombe wote. Baba aliwafuata mpaka njia panda akipaza sauti kwamba binti yake ni mzima, mwoga tu, mwoga wa kawaida kabisa.

Kwa hiyo nimekataa, na hakuna aliyenisikia. Jibu limetolewa na mikono yangu. Nilikaa nyuma ya zizi nikicheka, halafu nikaona aibu, kwa sababu nilisoma na Felistas, ambaye ana kifafa kweli na alinizidi hesabu kila muhula. Kumbe angesimama yeye pale, wangemkimbia vilevile. Hana kosa lolote, na mimi nimejificha nyuma ya ugonjwa wake kama nilivyokuwa najificha jikoni.

Najua ipo siku nitalisema lile neno bila msaada wa ugonjwa wa mtu. Nitamwomba daktari tulifanyie kazi.

Lakini sasa Baba anataka karatasi ya hospitali inayosema sina kifafa, aipeleke Gorong'a kabla ng'ombe hawajaahidiwa kwingine. Daktari alishaniambia tangu mwanzo kwamba habari zangu hazitoki bila ruhusa yangu, na ruhusa sitoi. Umebaki wewe. Watakupigia simu, wewe ni dada yake, watakuuliza kama kuna kifafa katika ukoo wetu na kama umewahi kuniona nikianguka. Usidanganye, shangazi. Sema tu hujui, kisha uanze kuwasimulia pikipiki ya Deus mpaka salio liishe.

Chuo kinafunguliwa Septemba. Mpaka siku hiyo niache niwe na kifafa. Usimwambie mtu.

Scholastica